Madoadoa: neno lisilo na hatia lilivyogeuka neno la chuki

Doa ni alama iliyoingia mahali pasipo pake: doa la mafuta kwenye kanzu, doa la wino kwenye shati la shule. Likirudiwa likawa madoadoa, ni alama ndogondogo zilizotawanyika, kama za chui. Ubaya hapo haupo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, Yakobo anaomba wanyama wenye madoadoa wawe ujira wake, na ndio wanaomtajirisha.

Nchini Kenya neno hilohilo limepitia njia nyingine. Tangu mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Bonde la Ufa, limetumiwa majukwaani kwa familia zenye asili ya mikoa mingine. Msikilizaji hakuhitaji kutajiwa kabila. Alijua nani anasemwa. Lilisikika tena wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007, ambao vurugu zake ziliua zaidi ya watu 1,100.

Kama mtu wa lugha, kinachonitisha zaidi ni sarufi yake. Kiswahili humpa binadamu ngeli yake: mtu huyu anaondoka, watu hawa wanahama. Hata adui tunayemchukia bado ni *a-* na *wa-*. Lakini ukisema madoadoa yaondolewe, jirani uliyekuwa ukimwazima jembe amekwisha kuhamishiwa kwenye vitu, kundi moja na mawe na makopo. Kwa *ya-* moja tu. Na kitenzi chenyewe kinafuata: doa halisemeshwi wala halisikilizwi, hufutwa. Ndiyo kazi ya kwekwe pia, neno jingine la aina hii, kwani mkulima haulizi kwekwe imetoka wapi, huing'oa. Mende hukanyagwa, na nchini Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi *inyenzi*, yaani mende, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994.

Kwa hiyo neno la chuki si lazima liwe tusi. Tusi humlenga mtu, likapita. Neno la namna hii huwaandaa wengi waone kwamba kumwondoa mwenzao ni usafi.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ya 2008, kifungu cha 13, inaangalia hilo: je, maneno ni ya vitisho, matusi au dharau, na je, yamekusudiwa au yanaelekea kuchochea chuki ya kikabila, kwa kuzingatia mazingira yote? Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2022 tume iliyoundwa na sheria hiyo iliorodhesha madoadoa miongoni mwa maneno ya chuki. Mwalimu anayefundisha habari za paka wa madoadoa hana kosa. Anayesambaza maandishi ya uchochezi, hata kama si yeye aliyeyatunga, anaguswa na kifungu hichohicho.