Engaruka: ukuta uliopanda pamoja na udongo

Wageni wakifika Engaruka, swali lao la kwanza kwangu ni moja: mfalme alikaa wapi? Siwalaumu. Magofu yametanda kiasi cha kilomita 20 za mraba chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, na hata mwanaakiolojia Louis Leakey alipofika mwaka 1935 aliona dalili za mji mkubwa. Lakini hapa hapakuwa na ikulu. Sehemu kubwa ya mawe haya ni mashamba.

Mvua ya hapa ni haba mno, mtama hauwezi kuitegemea. Kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, wakulima waliishi katika vijiji saba vilivyojengwa kwenye mteremko, wakateremsha maji ya mito ya milimani kwa mifereji iliyokingwa kwa mawe. Ng'ombe na mbuzi nao walifugwa.

Ninachokipenda zaidi kiko mashamba ya kaskazini. Ukichimba kando ya ukuta wa shamba, unakuta hauishii usawa wa ardhi. Unashuka. Safu ya mawe, tope laini, safu nyingine juu yake, tope tena. Maana yake udongo ule haukuwepo tangu mwanzo: uliletwa na maji, na watu wakautega. Tope likijaa, mtu anainama anaongeza mawe. Tumezoea kusema kuta za namna hii ni za kuzuia mmomonyoko shambani. Hapa mmomonyoko wa huko juu ndio uliowapa shamba lenyewe.

Kwa nini waliondoka? Mimi naegemea upande wa maji, kwa sababu baadhi ya mifereji inaanzia kwenye makorongo ambayo leo ni makavu. Wapo wanaowahusisha wakulima hao na Wasonjo, ambao mpaka sasa wanagawana maji ya mifereji kwa usimamizi wa wazee.

Mto Engaruka wenyewe ungali unatiririka na wakulima wa leo wanautumia kunyweshea mashamba, mengine ndani ya magofu. Ombi langu kwao ni dogo: jembe likigonga mawe yaliyopangwa mstari, tuiteni kwanza tuone yanashuka hadi wapi.