Inavumilia Mvua, Haivumilii Mkono Wako

"Dada, kama sanamu inanyeshewa mwaka mzima, kidole changu kitaifanya nini?"

Nimeulizwa hivyo na watoto, na wasomi wakubwa, na bwana mmoja aliyekuwa tayari amempandisha mwanawe mgongoni mwa sanamu. Kazi yangu ni kutunza sanamu za metali. Kila ninapowatembeza Waswahili wenzangu waishio Uholanzi kwenye bustani ya sanamu ya jumba la makumbusho ya sanaa la Kröller-Müller, kule Otterlo, najua swali hilo litakuja kabla hatujafika bwawani. Acha nilijibu hapa, maana sauti imenikauka.

Anza na bronzi, ile metali ya shaba iliyochanganywa na bati. Ile rangi ya kijani au ya kahawia unayoiona ni patina, utando mwembamba uliotengenezwa makusudi kwa kemikali na moto ili sanamu iwe na rangi ile na si nyingine. Juu yake sisi hupaka nta, na nta hiyo huisha, kwa hiyo hupakwa tena na tena. Mvua hupita juu ya nta ikateremka zake. Mkono hauteremki. Huacha jasho lenye chumvi, asidi na mafuta, na chumvi ile huila shaba iliyomo ndani ya bronzi polepole, hata wewe ukiwa umesharudi nyumbani. Halafu mkono husugua, tena palepale siku zote, kwa sababu watu wote huvutwa na pua, goti, titi au kidole cha mguu.

Mguu wa sanamu ya Mtakatifu Petro, katika basilika lake huko Vatikani, umelika hadi vidole havitambulikani, kwa viganja na midomo ya mahujaji. Kule Verona, Italia, sanamu ya Juliet, yule mpenzi wa Romeo, ilikuwa ikishikwa kifuani na watalii wakitafuta bahati ya mapenzi. Mwaka 2014 ile ya asili ilibidi iingizwe ndani na nakala ikawekwa mahali pake. Hakuna dhoruba iliyoyafanya hayo.

"Lakini mimi ni mmoja tu." Naam, na aliyekutangulia alikuwa mmoja, na anayekufuata nyuma ni mmoja. Wote mna pete, saa, zipu za mikoba na soli zenye mchanga. Mkwaruzo ukishapenya nta, maji huingia, na michirizi ya kijani huanza.

Marumaru ndiyo dhaifu zaidi, maana ina vinyweleo na hunywa mafuta ya ngozi hadi doa la kijivu linaingia ndani. Sanamu zilizopakwa rangi nazo zina balaa lake: kiraka cha rangi mpya hakifanani na rangi iliyokwisha kupigwa jua, hivyo mkwaruzo mdogo waweza kutulazimisha kupaka upya upande mzima.

Ushauri wangu ni uleule siku zote: fumbata mikono nyuma, kama mzee anayekagua shamba, uizunguke sanamu mzunguko mzima bila simu. Utaona mengi kuliko aliyeipapasa.

Wengine wakishasikia hayo huruka upande wa pili: basi pale haturuhusiwi kitu! Si kweli. Jardin d'émail, kazi kubwa ya msanii Jean Dubuffet ya mwaka 1974, imejengwa ili uingie na kutembea juu yake. Mvua ikinyesha hufungwa, kwa kuwa huteleza. Na kwenye mnara wa mchongaji Kenneth Snelson, ule wa mirija ya alumini na nyaya unaopaa mita 30 hivi, jilaze kwenye nyasi chini yake utazame juu. Utaona nyota. Hutakuwa wa kwanza kulala pale.

Yapo na mengine niyasikiayo. Eti mabamba matatu ya chuma ya mchongaji Richard Serra "yameachwa yakashika kutu". Ni chuma cha korteni, na kutu yake hushikana ikawa ngao ya chuma kilicho chini. Pita katikati yake upendavyo. Jina lako usilichore kwa ufunguo.

Eti sanamu huwekwa popote penye nafasi. Nenda kwenye bwawa ukaitazame sanamu nyeupe ya mchongaji Marta Pan, inayoelea na kugeuzwa na upepo, kisha uniambie kama ingefaa mahali pengine. Bwawa na sanamu vilibuniwa pamoja.

Eti tiketi ya mbuga inatosha. Jumba limo ndani ya mbuga ya De Hoge Veluwe, na tiketi ya jumba ni nyingine. Baiskeli nyeupe za mbuga ndizo za bure. Halafu msikimbilie picha za mchoraji Van Gogh ndani na kuiacha bustani mwisho: ni hekta 25, nayo hufungwa mapema kuliko jengo. Anzeni nje, na viatu viwe vya kufunika.

La mwisho ni la nyumbani kwenu. Eti mpingo ni mgumu, basi kinyago cha Kimakonde ulichonunua Mwenge, Dar es Salaam, kinaweza kukaa bustanini. Ugumu ni kitu kimoja, kupasuka ni kingine. Jua, baridi na unyevu unaobadilika hukipasua, na hewa kavu ya hita sebuleni hukipasua vilevile. Kiweke ndani, mbali na hita na mbali na dirisha la jua, na ukikifuta tumia kitambaa kikavu.