Nani Aliwaambia Kuwa Watu wa Ukerewe Hawalimi?

Jumamosi iliyopita, katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, mama mmoja aliyenitangulia kwenye foleni alimwambia muuza dagaa: "Dada, nyie wa visiwani mmebarikiwa, mnaamka mnakuta chakula kimejileta ufukweni, wakati sisi huku tunakata majani ya ng'ombe mpaka migongo inapinda." Muuzaji, ambaye kwao ni Himo na hajawahi kuliona Ziwa Victoria, alicheka na kumwongezea nyongeza. Mimi sikucheka. Nilifanya kazi ya ugani wa kilimo wilayani Ukerewe, kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, kwa miaka tisa, na kauli hiyo nimeisikia harusini, nimeisikia kwenye daladala, na niliwahi kuisoma katika andiko la mradi la taasisi moja iliyotaka kuwagawia nyavu wanakijiji ambao mkutano wao mkuu ulikuwa umeomba mbegu za muhogo.

Hesabu nitaipitia haraka. Wilaya ya Ukerewe ina eneo la takribani kilomita za mraba 6,400, lakini nchi kavu ni kama 640 tu, na iliyobaki ni maji. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta humo watu zaidi ya 345,000, yaani zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba ya ardhi. Msongamano huo sisi wa miteremko ya Kilimanjaro tunaujua, kwa kuwa ndio uliokigawa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu hadi kikabaki upana wa kuanika kanga mbili. Watu wengi kiasi hicho hawalishwi na samaki. Wanalishwa na ugali wa muhogo, viazi vitamu na mpunga wa mabondeni, na ndiyo maana magonjwa ya batobato na michirizi kahawia yalipoingia kwenye mihogo, kilio chake kilikuwa kikubwa kuliko kile cha nyavu kurudi tupu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi hasa, nalo ni hayo majani ya ng'ombe. Kaskazini mwa kisiwa kikuu kuna kisiwa cha Ukara, na Wakara walikuwa wakifuga ng'ombe ndani, katika shimo lililochimbwa sakafuni mwa nyumba, wakiwakatia majani na kuwatandikia takataka za shambani ili samadi irundikane, tangu kabla afisa ugani yeyote hajavaa buti za mpira kwenda kuwafundisha. Udongo wao ni kichanga kilichotokana na mawe ya matale, hauna shukrani, na usipoulisha haukulishi. Kwa hiyo huupa samadi, na katikati ya mistari ya uwele husia marejea, mmea ambao uwele ukishavunwa huendelea kukua peke yake hadi ufukiwe kuwa mbolea. Njugu mawe nazo hupata zamu yake katika mzunguko huohuo. Malisho hayakuokotwa porini, maana pori halikuwepo: walichimba mashimo karibu na maji wakapanda matete, na miti ilikuwa na wenyewe, mti mmoja mmoja, kwa ajili ya majani yake. Mchagga anayedhani kuwa kilimo cha zizini kilizaliwa Kibosho au Machame angepaswa kuvuka maji walau mara moja.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya ugani hulipita kimyakimya. Wakara walipohamia bara, ambako ardhi ilikuwa tele, wengi waliacha samadi, wakaacha na marejea, wakalima kama majirani zao. Nilipokuwa kijana niliamini kuwa elimu ndiyo inayomfanya mtu abebe samadi kichwani. Leo sina hakika tena kama miaka tisa ya semina zangu iliongeza hata kikapu kimoja, kwa sababu mtu hubeba samadi pale tu asipokuwa na mahali pengine pa kwenda.

Samaki wapo, sikatai, na fedha yao ni nyingi, lakini tabia yake ni ya msafiri. Mtumbwi, injini na nyavu ni mali ya tajiri, ambaye mara nyingi haishi kisiwani. Wavuvi hupata mgawo baada ya mafuta na chakula kukatwa. Na samaki wakihama, kambi nayo huhama. Sangara huishia kwa wakala aliyekwisha kukopesha nyavu, kwa hiyo bei anaijua yeye, na bondo la sangara huyo, lile furushi jeupe la tumboni linalosafirishwa hadi China, kwa kilo lina bei kubwa kuliko nyama yenyewe. Kinachobaki kisiwani kwa uhakika zaidi ni dagaa, na hasa mikononi mwa wanawake wanaonunua ndoo mwaloni alfajiri, wakaanika juu ya mawe au kwenye vichanja, na kuomba mvua isinyeshe kabla ya jioni, kwa sababu dagaa walionyeshewa huuzwa kuwa chakula cha kuku.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikipevuka mitumbwi hupumzika. Sasa nikiri dosari ya kitaalamu: dodoso letu lilikuwa na swali la "shughuli kuu", na nilikuja kugundua kuwa mzee yuleyule aliyejiandikisha kuwa mvuvi wakati wa giza alijiita mkulima nilipomrudia kwenye mbalamwezi, akiwa ameshika jembe, na mara zote mbili alikuwa anasema kweli. Majedwali yaliyotokana na dodoso hilo niliyasaini mimi, nami siyaamini.

Kuhusu "chakula kimejileta" niseme tu kwamba kisiwani hakuna kinachojileta. Kila mfuko wa saruji, kila kreti ya soda na kila mgonjwa wa rufaa anayepelekwa Mwanza hulipiwa kuvuka maji. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 220 kufariki, wengi wao walikuwa wakirudi kutoka sokoni Bugolora. Walikuwa wamekwenda kununua na kuuza, kama yule mama wa Mbuyuni.

Yeye nilimweleza habari za ng'ombe wa Ukara palepale kwenye foleni, na alinisikiliza kwa shaka ya mtu anayesubiri kuuziwa kitu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, baba, na wao wanakata majani asubuhi na jioni?" Nikamjibu kuwa wanakata, tena ya kupandwa. Akageuka kwa muuzaji, akachota dagaa kiganjani, akawapekecha kutafuta mchanga.