Moyo wa chuma nao hukatika: dhana potofu kuhusu kutovunjika

"Piga moyo konde." Maneno haya humfikia aliyefiwa, aliyeachishwa kazi na aliyeachwa, mara nyingi kabla hajamaliza kueleza lililompata. Husemwa kwa nia njema, nami nimeyasema mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini picha iliyomo ndani yake ni ya mtu aliyekunja ngumi, uso mkavu, yuko peke yake. Wengi tukisikia "asiyevunjika" humwona huyo huyo, na ndipo makosa yanapoanzia.

Dhana: Asiyevunjika ni mgumu

Almasi ni ngumu kuliko madini yote ya asili, na bado ukiigonga kwa nyundo hupasuka. Ugumu maana yake ni kutokwaruzika. Kuhimili pigo ni habari nyingine. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko hesabu zinavyotabiri: kina nyufa ndogo mno, na mkazo hukusanyika kwenye ncha ya ufa mmoja. Chuma laini hakivunjiki kirahisi hivyo. Pale kinapoelemewa kinanyumbuka kidogo, na mzigo unasambaa kwenda sehemu nyingine.

Binadamu si chuma, najua. Ila swali la Griffith linatufaa: uzito ukikuangukia, unakwenda wapi?

Dhana: Ni kipaji cha wachache

"Ana roho ya paka," tunamsifu aliyenusurika, kana kwamba wengine walinyimwa siku ya kuzaliwa.

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kabla hawajazaliwa hadi walipofika miaka 40. Takriban 200 kati yao walianza maisha wakiwa wamezungukwa na matatizo mengi kwa pamoja: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Kwa hesabu za kawaida, wote wangeharibikiwa. Lakini 72 kati yao walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaowajali wengine.

Baadhi ya sababu zilikuwa za mtoto mwenyewe, kama tabia ya uchangamfu tangu utotoni iliyowavuta watu kwake. Hilo halikatai kabisa hoja ya kipaji, tuseme kweli. Lakini kitu kimoja kilijirudia: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyekuwa upande wake bila kuyumba. Si lazima awe mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, kaka mkubwa, mwalimu, jirani.

Kuna sehemu ya utafiti huo isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Wengi wa wale waliojikwaa wakiwa vijana, waliopata kesi au mimba za mapema, walikuwa wamesimama tena walipoingia miaka ya thelathini na arobaini. Waligeuzwa na kurudi shule, kujiunga na jeshi, ndoa iliyotulia, jumuiya ya dini. Kwa maneno mengine walivunjika, kisha wakaunga. Tukipima mtu akiwa na miaka 18 na kutoa hukumu, tunakosea. Mwaka 2001 Ann Masten, mtafiti mwingine wa mambo haya, aliuita ustahimilivu "maajabu ya kawaida", kwa sababu hutokana na vitu ambavyo watu wengi wanavyo au wanaweza kuvipata.

Dhana: Kisichokuua hukuongezea nguvu

Msemo huu ni wa Friedrich Nietzsche, aliyeuandika mwaka 1888. Miezi michache baadaye, Januari 1889, alianguka kiakili na hakupona hadi kifo chake mwaka 1900. Hiyo si hoja ya kumpinga, maana ugonjwa haujali falsafa ya mtu. Hoja iko kwingine.

Watu hutetea msemo huo kwa mfano wa mfupa: ati ukivunjika na kuunga, huwa imara kuliko mwanzo. Wakati wa kupona, kweli mwili hujenga uvimbe mnene wa mfupa mpya mahali palipovunjika. Baadaye mwili huo huo huupunguza na kuuchonga upya mpaka ukaribie umbo la zamani. Mfupa ukiunga vizuri hurudi kuwa mfupa wa kawaida, si mfupa wa ajabu. Na haukuungana kwa sababu ulivunjika. Uliungana kwa sababu ulitulizwa, ukapata damu na muda.

Kuhusu maisha ya watu, mwaka 1998 Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti mkubwa wa Marekani uliouliza watu wazima kuhusu masaibu ya utotoni. Waliokutana na aina nne au zaidi za masaibu walikuwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua iliyo kubwa mara 4 hadi 12 kuliko wasiokutana na hata moja. Wapo wanaosema waziwazi kwamba mateso yaliwafunza kitu, na ninawaamini. Lakini wao wenyewe ndio wa kulisema hilo. Kumwambia mtu kitandani hospitalini kwamba "utatoka hapo ukiwa na nguvu zaidi" ni kumkabidhi kazi ya ziada.

Dhana: Usilie. Au: lazima useme yote

Hizi ni mbili zinazopingana, na zote ni potofu. Machozi hayamfanyi mtu kuwa dhaifu. Kwa upande wa pili, asiyelia si lazima awe anaficha: mwanasaikolojia George Bonanno ameonyesha kwamba wafiwa wengi huendelea na maisha bila kuporomoka, wala si kwamba wanakana ukweli. Kuwaita watu mara tu baada ya ajali na kuwasimulisha kila kitu kwa kikao kimoja kulijaribiwa sana. Hakukuzuia kiwewe, na katika baadhi ya majaribio waliosimulishwa walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Mwongozo wa mwaka 2011 wa Shirika la Afya Duniani na washirika wake una maagizo mepesi zaidi: tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Akitaka kusema, atasema.

Dhana: Uhusiano usiovunjika hauna ugomvi

Wahenga walishalijibu hili: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Hawakusema ndugu hawagombani.

Edward Tronick, aliyechunguza kwa makini mama na watoto wachanga wakicheza, aligundua kwamba hata wale wanaopendana vizuri huwa wamepatana kimwendo kwa takriban asilimia 30 tu ya muda. Kwingine kote wanapishana: mmoja anatabasamu, mwingine ameangalia pembeni. Kisha wanatafutana na kurudiana. Mtoto hujifunza kuamini kutokana na kurudiana huko, kwa sababu anaona kwamba mambo yakiharibika hutengenezeka.

Ila hapa lazima niweke mpaka. Dhana hii ina pacha wake mbaya zaidi, asemaye kuwa mapenzi ya kweli huvumilia kila kitu. Hapana. Kurudiana kunahitaji watu wawili wanaotengeneza. Penye mmoja anayepiga na mwingine anayesamehe, mzigo wote uko kwenye ncha ya ufa ule ule, na anayeondoka hapo hajavunja kitu ambacho hakikuwa kimeshavunjwa. Kumwita dhaifu ni kumdhulumu mara ya pili.

Dhana: Ukimtegemea mtu, huna nguvu zako mwenyewe

Mwaka 2006 James Coan na wenzake waliwaweka wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakiwaonya kwa alama fulani kwamba huenda wangepigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Mara nyingine mwanamke alikuwa peke yake, mara nyingine ameshikwa mkono na mtu asiyemjua, mara nyingine na mumewe. Mkono wa mgeni ulisaidia kidogo. Wa mume ulituliza zaidi sehemu za ubongo zinazoitikia tishio, na kadiri ndoa ilivyokuwa nzuri ndivyo utulivu ulivyozidi. Tishio la shoti lilikuwa lile lile mara zote tatu. Kilichobadilika ni mkono.