"Kumkwaza ndugu" kwa chakula maana yake nini?

Makanisani siku hizi neno kukwaza limekuwa jina jingine la kuudhi. "Mzee wa kanisa amenikwaza," mtu anasema, kumbe amekasirika tu. Paulo alipoandika habari za chakula hakuwa na maana hiyo, na Kiswahili chenyewe kinatusaidia kumwelewa: mtu hujikwaa kwenye kisiki akaanguka. Kumkwaza ni kumfanya ajikwae.

Korintho kulikuwa na nyama iliyokwisha kutolewa sadaka kwa sanamu. Waumini wengine walijua sanamu si kitu, wakala. Wengine walikuwa wametoka kwenye ibada hizo, na kwao ile nyama ilikuwa bado sadaka. Kilichomtia Paulo hofu katika 1 Wakorintho 8 si kwamba hawa wangenuna. Wangemwona mwenzao mwenye ujuzi anakula, nao wakala huku dhamiri zinawasuta. Warumi 14:23 inasema wazi: mwenye shaka akila ana hatia, "kwa maana hakula kwa imani".

Tuseme Msabato wa kando ya Ziwa Victoria amealikwa kwa Mkristo mwenzake. Mezani pana ugali na kambare, samaki asiye na magamba, ambaye yeye hamli kwa sababu ya Walawi 11. Mwenyeji anacheka: "Kula bwana, hayo ni mambo ya Agano la Kale." Mgeni anaona haya, anamega tonge, analichovya kwenye mchuzi, analimeza upesi. Huyo amekwazwa. (Wasabato husema Warumi 14 haihusu wanyama najisi, wala hawajioni dhaifu wa imani. Hata hivyo dhamiri iliyosukumwa ni dhamiri iliyosukumwa.)

Sasa geuza. Mgeni ameletewa sato wake, anashiba, kisha anaanza kumhesabia mwenyeji dhambi kwa kitimoto alichokula juzi. Hapo hakuna aliyekwazwa. Hiyo ni hukumu, nayo Warumi 14:3 inaikataza pamoja na dharau: "Yeye alaye asimdharau huyo asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu huyo alaye."

Kwa maoni yangu, mzigo mkubwa zaidi uko kwa anayekula vyote. Paulo alikuwa tayari kuacha nyama "hata milele". Jikoni kwetu tunadaiwa kidogo mno: sufuria ya pili, mwiko ambao haujagusa kambare, na kumuuliza mgeni mapema, kabla moto haujawashwa, yeye hula nini.