Kuhamishia shehena kwenye njia safi: maana yake

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, simama jioni kando ya barabara ya Masasi, Mtwara. Semitrela zinapita zimefungwa turubai, na ndani yake magunia ya kilo 80. Lori la tani 30 linabeba kama 375. Nyuma yake linakuja la makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Mama muuza chapati analivuta beseni lake ndani na kulifunika.

Kuhamishia shehena kwenye njia safi ni kuutoa mzigo kwenye malori na kuupakia kwenye chombo kinachochoma mafuta machache kwa kila tani, yaani meli au treni. Meli ndogo ya tani 3,000 inamaliza mzigo wa malori 100 kwa safari moja. Treni nayo, magurudumu yake ya chuma yanabingirika kwa wepesi juu ya reli, wakati tairi linakula nguvu nyingi kwenye lami.

Mwenye kampuni ya usafirishaji hahami kwa kuhubiriwa mazingira. Anapiga hesabu: meli inafika lini? Makontena matupu yapo? Mzigo utashushwa na kupakiwa mara ngapi? Kila mkono unaougusa unalipwa, ndiyo maana kutoka ghala la Newala hadi gatini lori litabaki kuwa lori. Kumhamasisha ahame, basi, ni kuifanya hesabu hiyo imkalie vizuri. Umoja wa Ulaya ulikuwa na mpango ulioitwa Marco Polo, kuanzia 2003 hadi 2013, uliozisaidia kampuni kugharamia huduma za kuondoa mizigo barabarani. Kwetu, serikali iliagiza korosho za kusini zipakiwe Mtwara, zisipelekwe tena Dar es Salaam kwa barabara, mwendo wa zaidi ya kilomita 550. Nililifurahia sana agizo hilo. Ila mteja hubaki na bandari ambayo meli zake zinakuja siku zilizotajwa.

Reli tulikuwa nayo. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, mashamba makubwa ya enzi za ukoloni wa Waingereza, ikafungwa 1962. Kwa hiyo kwa sasa tegemeo letu ni bahari, na bandari ya Mtwara ina kina cha asili.

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, malori yalikwama pande zote mbili, bahari ikiwa imeshatulia.