Nipe miwani tu, daktari

Wengi wanaoingia chumbani kwangu hapa Chake Chake, Pemba, huanza na maneno hayo hata hawajakaa. Miwani tu. Mwingine ameshaazima ya jirani akaona afadhali, mwingine kanunua iliyopangwa barazani na sasa anataka yenye nguvu zaidi. Mimi ni mpima macho. Kupima na kutoa miwani ndiyo kazi niliyosomea na naipenda. Lakini kabla ya miwani kuna jambo ninalolitafuta kwa kila mtu: huku kutoona kwake kunatengenezeka kwa kioo, au kuna kitu kinaharibika ndani ya jicho? Tukilipita hilo, mtu anaondoka na miwani mizuri usoni na maradhi yake ndani.

Kifaa kinachonipa jibu la mwanzo ni kibao cheusi cha plastiki chenye vitundu vya kama milimita moja. Unakaa mita 6 kutoka kwenye chati, unaziba jicho moja, unasoma mpaka unakwama. Asiyesoma herufi tunamwekea chati ya E, anaonesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Ukishakwama nakupa kibao uchungulie kitunduni. Kitundu kinapitisha mwanga mwembamba wa katikati tu, ambao hauhitaji kupindwa ili utue panapotakiwa nyuma ya jicho. Ukiongeza mistari miwili au mitatu, basi shida yako ni ya kupinda mwanga, na miwani itakufaa. Kitundu kisipokusaidia, miwani inasubiri. Natafuta ugonjwa.

Wanaosaidiwa na kitundu ndio wengi. Wapo wasioona mbali, wapo wenye uso wa jicho usio mviringo sawa, na lipo kundi kubwa kuliko yote, la waliofika miaka 40 na kitu. Lenzi ya jicho la mtoto ni laini kama nyama ya dafu, inajibinua na kujilaza kila anapobadilisha umbali. Miaka ikienda inakakamaa, kama dafu linavyoelekea kuwa nazi, na kujibinua kwa ajili ya vitu vya karibu kunakuwa kazi. Msahafu unasogezwa mbali, mbali zaidi, mpaka mkono unakwisha. Hili litampata kila mtu akijaaliwa umri. Si kwa sababu ulisoma sana, wala si kwa sababu ya simu. Na miwani haiyalegezi macho, kama wengi wanavyoogopa. Lenzi ingeendelea kukakamaa hata usingeivaa.

Hapa sipimi kwa kadi ya maandishi peke yake. Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Wete, mshonaji wa kofia za viua, nikamwambia, "Mama, itoe hiyo kofia kwenye mkoba, tupime kwa kazi yako." Aliishika pale pale anapoishika akiwa nyumbani, kwenye sentimita 30 kutoka usoni. Kwa kadi alitosheka na lenzi yenye nguvu ya +2.00. Kwa kofia haikutosha, kwa sababu kazi yake iko karibu zaidi ya kitabu. Tulipofika +2.50 alinyamaza, akapitisha ukucha juu ya vitobo kimoja kimoja, kisha akaomba sindano na uzi. Alikuwa kila jioni anamngoja binti yake arudi skuli amtungie sindano za siku ya pili. Alitunga mwenyewe, kwa jaribio la kwanza.

Nikiona mambo kama hayo siwezi kukubali kwamba miwani ya karibu ni ya wasomi. Msimu wa karafuu, mama zetu wanakaa mpaka usiku wakichambua, karafuu huku na makonyo, vijiti vyake, kule, kwa mwanga wa taa moja. Huko Assam, India, wachumaji wa majani ya chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipopewa miwani ya karibu, uchumaji wao ulipanda zaidi ya waliokuwa hawajapewa kwa kama asilimia 22. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Kazi ya macho na vidole ni ile ile.

Sasa wale ambao kitundu hakiwasaidii. Kwa wazee, mara nyingi ni mtoto wa jicho: lenzi ile ile iliyokakamaa sasa imeanza kuchafuka na kuzuia mwanga. Ndiyo sababu kubwa ya upofu duniani, na inatibika. Dalili moja inawadanganya wazee wetu. Bibi anakuja amefurahi, "Mwanangu, macho yangu yamerudi ujana, sasa nasoma juzuu bila miwani." Namuuliza kuhusu njiani, ananiambia watu wanamsalimu na hawajui ni nani mpaka wakaribie. Nikimulika jichoni naona katikati ya lenzi pamegeuka manjano na kahawia. Lenzi hiyo imekuwa nzito, inaupinda mwanga kupita kiasi, kwa hiyo karibu panaonekana kwa muda na mbali panapotea. Huyu nikimpa miwani ya mbali itamfaa miezi michache tu, kisha atarudi kulalamika.

Hakuna tone wala dawa ya kunywa inayomwondoa mtoto wa jicho. Ni upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa na ya bandia inawekwa mahali pake, kwa ganzi ya jicho tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sipasui mimi, naandika barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa macho. Na wala hakuna haja ya kungoja "apevuke". Zamani waliambiwa wasubiri. Leo, ikiwa huoni ngazi, huoni moto wa jiko au humtambui mjukuu, muda umefika. Ukingoja mpaka jicho liwe jeupe kabisa unaufanya upasuaji uwe mgumu zaidi.

Kibao changu lakini kina upungufu mkubwa. Presha ya macho, yaani glakoma, hakiioni kabisa. Mgonjwa wa presha ya macho anaweza kuisoma chati mpaka mstari wa mwisho, nami nikampa miwani ya karibu akaondoka anashukuru, huku mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa. Mshipa huo una nyuzi zaidi ya milioni moja, na zikifa hazirudi. Kinacholiwa kwanza ni pembeni, na jicho la pili linaziba pengo, basi mtu hajui. Mara nyingi hakuna maumivu. Familia ndiyo inayoona kwanza, "Siku hizi baba anajigonga milangoni." Presha hii pia si ile inayopimwa mkononi, ya damu inaweza kuwa nzuri na ya jicho ikawa juu. Kawaida ya jicho ni kama 10 hadi 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, lakini wapo wanaoharibikiwa hata wakiwa ndani ya namba hizo. Kwa hiyo mtu wa miaka 40 na kuendelea, hata akija kwa miwani ya karibu tu, namwangalia mshipa wenyewe. Sisi Waafrika weusi inatupata zaidi na mapema zaidi, na inatembea katika ukoo. Nikimgundua mtu nayo, namwomba aniletee ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wakubwa.

Dawa zake ni matone ya kila siku, ya maisha. Hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki. Ramadhani ndipo wengi wanapoyaacha, kwa hofu ya kufungua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba matone ya macho hayabatilishi saumu, na mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake. Hata hivyo kama moyo hautulii, usiache, njoo tupange. Yapo matone ya mara moja usiku, na yapo ya mara mbili yanayoingia vizuri baada ya futari na wakati wa daku. Ukishatia tone, fumba jicho na ubonyeze pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Hilo linazuia dawa isishuke kooni, nawe huonji uchungu.

Kisukari nacho hakisemi mpaka mishipa midogo ya nyuma ya jicho imeshavuja. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, anaona vizuri au haoni.

Nije kwenye linaloniumiza kuliko yote. Watoto wetu wengi wanawashwa na macho kwa aleji; wanafikicha mchana kutwa na weupe wa jicho unakuwa wa udongo udongo. Mzazi anakwenda duka la dawa, anapewa kichupa chenye deksamethasoni, na siku ya pili mtoto ametulia. Inaonekana ni dawa nzuri kweli. Basi kila muwasho ukirudi kichupa kinanunuliwa, mwezi hadi mwezi. Dawa hiyo ni ya steroidi, na ikitumika muda mrefu bila kupimwa inapandisha presha ya jicho na inaweza kuleta mtoto wa jicho kwa mtoto wa skuli. Nimewaona watoto wa darasa la tano wamekuja "kwa aleji" na mshipa umeshaliwa. Ina kazi yake, ikitolewa kwa siku zinazohesabika na mtu anayepima presha. Kwa kila siku zipo dawa za aleji zisizo na steroidi, na kitambaa kilicholowa maji baridi kinapunguza muwasho vizuri sana.

Kuhusu wanja wa manga kwa kitoto kichanga, nawaomba mama na bibi zangu kwa heshima: baadhi ya wanja una madini ya risasi, nayo ni sumu kwa ubongo unaokua. Mtoto aliyezaliwa akitoa usaha machoni katika wiki zake za mwanzo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asitiwe maziwa ya mama wala kitu chengine. Kengeza usingoje lijirekebishe lenyewe. Jicho lisilotumika utotoni linazoea kutoona, na baada ya miaka 7 au 8 kulirudisha ni vigumu. Na ukiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe, hata kwenye picha ya simu, usingoje wiki ijayo. Inaweza kuwa saratani.

Wavuvi wa Kojani na wakulima wa mwani wanaoota kinyama pembeni mwa jicho: jua na upepo ndio chanzo, kofia yenye ukingo na miwani ya jua inasaidia, na upasuaji ni pale kinapoikaribia mboni. Mafundi wa ujenzi, chokaa ikiingia jichoni usianze kutafuta gari. Maji safi, mengi, kwa nusu saa, kope zimefunuliwa, ndipo uje.

Ukija, chukua miwani yako ya zamani hata kama imevunjika, vichupa vyote ulivyowahi kutia hata vilivyokwisha, na kazi unayoifanya kwa mikono.